Mtoto mtukutu: dawa yake si kiboko wala si aibu

"Umemeza dawa yako leo?"

Swali hili lina maneno manne tu. Halina tusi ndani yake, halina kejeli ya wazi, na sarufi yake ni sanifu. Mama akimwuliza mwanawe swali hilo asubuhi, huku akimmiminia uji, litakuwa swali la mapenzi. Lakini mwalimu akilitamka kwa sauti mbele ya darasa la wanafunzi 58, kwa sababu mtoto fulani ameinuka mahali pake mara ya tatu bila ruhusa, swali lilo hilo hugeuka mshale. Mtoto aliyeulizwa hivyo ni mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 11, aliye katika Gredi ya Tano. Wenzake waliangua kicheko. Kufikia wakati wa chamcha alikuwa amekwisha kubandikwa jina jipya: "Dawa". Siku mbili baadaye alikataa katakata kuimeza.

Nianze kwa kusema kinagaubaga kwamba siandiki makala haya ili kumshtaki mwalimu yule. Ni mwalimu mwenye bidii, na siku hiyo alikuwa amechoka. Nimekwisha kuzungumza naye ana kwa ana na tukaelewana, kama nitakavyoeleza. Ninaandika kwa kuwa naamini zipo nyumba nyingi nchini ambamo kidonge humezwa kwa siri kila asubuhi, na zipo shule nyingi zilizo na mtoto kama wangu, ambazo ama hazina habari au zina habari lakini hazijui lifanywe lipi.

Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu. Watu huniita daktari, lakini udaktari wangu ni wa kuchambua maneno; hauponyi hata mafua. Basi msomaji aniwie radhi nikiliingia suala hili kupitia mlango niujuao, nao ni mlango wa lugha.

Neno "dawa" tumelipata kutoka Kiarabu, na sisi tukalipanua hadi likabeba karibu kila kitu. Ipo dawa ya kikohozi, ya meno, ya viatu na ya mbu. Ng'ombe huogeshwa kwa dawa ili kuondoa kupe. Mganga naye ana dawa yake, ambayo haiuzwi dukani. Ukiliongezea neno hilo "ya kulevya", unapata kitu kinachowaangamiza vijana wetu. Tena wahenga hawakuachwa nyuma: dawa ya moto ni moto, na dawa ya deni ni kulipa. Mzazi akimkasirikia mwanawe humwambia, "Dawa yako inachemka," na mtoto hana haja ya kamusi ili ajue kwamba kinachochemka si mwarobaini bali ni kiboko.

Hapo ndipo penye kitendawili. Tukiambiwa kwamba dawa ya mtoto mtukutu ni fimbo, twaitikia kwa kauli moja, wala hatuulizi kipimo chake, madhara yake au ushahidi kwamba iliwahi kumponya yeyote. Lakini tukiambiwa kwamba mtoto huyo ameandikiwa kidonge na daktari aliyesomea kazi hiyo, twashtuka, twanong'ona, na twamtazama mtoto kana kwamba ameota pembe. Dawa ya mafumbo twaikubali, na dawa ya kweli twaionea haya.

Mimi mwenyewe nimo katika lawama hii, tena nimo mstari wa mbele. Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka saba hakuweza kumaliza kunakili sentensi moja ubaoni. Alijibu maswali kabla hayajaulizwa. Alisukuma wenzake katika foleni, kisha akawa wa kwanza kulia kwa majuto. Katika muhula mmoja alipoteza sweta nne. Jirani yetu alibadilishiwa kioo cha dirisha mara mbili kwa gharama yangu. Lakini pia mtoto huyohuyo ndiye aliyekuwa akikimbia kumletea nyanya yake maji bila ya kutumwa, na ndiye aliyekataa kula siku paka wetu alipokufa.

Nami nilimchapa. Nilimchapa kwa mshipi, jioni baada ya jioni, nikijiambia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kiboko kilimfanya alie, hakikumfanya atulie. Kesho yake alirudia kosa lile lile, si kwa ujeuri, bali kana kwamba jana haikuwako. Jamaa walimlaumu mke wangu kwamba ndiye anayemdekeza, kwani katika jamii yetu mwana akiongoka ni wa baba, akipotoka ni wa mama. Sikumtetea kama ilivyonipasa.

Hatimaye tulikwenda kwa daktari wa watoto, ambaye alitupeleka kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili ya watoto. Hatukupewa kidonge siku ya kwanza, wala ya pili. Mtoto alipimwa masikio na macho. Tulihojiwa sisi wazazi, na walimu wakajaza fomu. Mtaalamu alitaka kujua kama dalili zimedumu miezi sita au zaidi, kama zilianza mapema utotoni, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia, wala si mahali pamoja tu. Hivyo ndivyo vigezo vya utambuzi. Mtoto asiyetulia shuleni lakini akatulia kwingineko kote huenda anakimbia kitu kilichoko shuleni.

Tahadhari hiyo ina maana kubwa. Utukutu waweza kutokana na masikio yasiyosikia vyema, usingizi haba, njaa, msiba nyumbani, au kifafa kisichotambuliwa. Hata dawa ya kifafa iitwayo fenobabitoni, ambayo imetumiwa kwa miaka mingi katika hospitali zetu kwa kuwa ni rahisi, huwafanya baadhi ya watoto wahangaike kupita kiasi. Kwa hivyo mzazi au mwalimu asijifanye daktari kwa kusoma makala kama haya. Kazi yetu ni kuona na kueleza tulichoona. Kutambua ni kazi ya waliosomea.

Hali ya mwanangu hujulikana na madaktari kwa kifupi cha ADHD, yaani upungufu wa umakinifu pamoja na utukutu uliopindukia. Kwa mwanaisimu, historia ya jina hilo ni somo tosha. Mwaka 1902 daktari George Still aliwahutubia madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto werevu wasioweza kujizuia, naye akaliita tatizo lao kasoro ya kudhibiti maadili. Katikati ya karne ya 20 jina likawa kasoro ndogo ya ubongo. Mwaka 1968 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliweka mkazo kwenye utukutu. Mwaka 1980 mkazo ukahamia kwenye umakinifu. Na mwaka 1987 mambo hayo mawili yakaunganishwa katika jina linalotumika hadi leo. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni jina, na kila jina lilikuja na lawama yake. Anayeitwa mpotovu huadhibiwa, na anayeitwa mwenye ubongo mbovu hukatiwa tamaa. Anayesemwa kuwa umakinifu wake unahitaji msaada ndiye pekee anayesaidiwa.

Dawa yenyewe si jambo la jana. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha mwili, na akastaajabu kuona karibu nusu yao wakitulia na kufanya vyema darasani. Mwaka 1944 mwanakemia Leandro Panizzon, aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, alitengeneza methilifenideti. Mkewe aliitwa Marguerite, kwa mkato Rita, na kutokana na jina hilo likazaliwa jina la kibiashara la Ritalin.

Watu wengi hudhani kwamba kidonge hiki humlewesha au humlaza mtoto. La hasha. Huongeza nguvu ya kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, ambazo humwezesha mtu kuzingatia jambo moja na kujizuia. Aliyewahi kusikiliza redio mbovu inayoshika stesheni tatu kwa pamoja ataelewa: kidonge hakizimi redio, kinasaidia ishike stesheni moja. Mwanangu alipoanza kukitumia hakuwa mpole kama kondoo. Alikuwa mwanangu yule yule, ila safari hii aliweza kunisikiliza hadi mwisho wa sentensi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba hakuna gharama. Dawa hii hupunguza hamu ya kula. Kuna siku githeri ya mwanangu hurudi nyumbani kama ilivyotoka. Yaweza kuchelewesha usingizi na kuleta maumivu ya kichwa au tumbo. Daktari humpima uzito, kimo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu kila mara. Isitoshe, ni dawa inayodhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, kwa sababu inaweza kutumiwa vibaya na mtu asiyeandikiwa. Haifai kuachwa mkobani mwa mtoto, wala kugawanywa kama peremende.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu, na kwamba zamani hayakuwako. Nilisoma shule ya msingi katika miaka ya 1980. Darasani mwetu alikuwako mvulana mmoja aliyechapwa kila siku ya Mungu. Alichapwa kwa kuchelewa, kwa kusahau kalamu, kwa kucheka, na kwa kutazama nje dirishani. Alikuwa hodari wa hesabu za kichwa kutushinda sote, lakini hakufika darasa la saba. Siwezi kumpima mtu kwa kumbukumbu, na sisemi kwamba alikuwa na maradhi haya au yale. Nasema tu kwamba watoto wa aina hiyo walikuwako. Hatukuwaona kwa sababu walitoweka mapema.

Wapo pia wanaohofu kwamba vidonge hutolewa ovyo, ili wazazi na walimu wapate kupumzika. Hofu hii si ya kupuuzwa. Nchini Marekani mjadala huu umeendelea kwa miongo kadhaa, na wataalamu wenyewe wamekiri kwamba wapo watoto wanaoandikiwa dawa kwa haraka mno. Lakini kwetu sisi shida iliyo kubwa ni kinyume chake. Mimi nina mshahara, naishi mjini, na bado nimewahi kuzunguka maduka matatu ya dawa kabla ya kuipata. Mama anayeuza sukumawiki kando ya barabara, ambaye mwanawe amefukuzwa shule mbili, ataanzia wapi? Mtoto wake hatapewa dawa nyingi kupita kiasi. Hatapewa chochote ila kiboko.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa zaidi, ambalo halihusu mshipi. Mwanangu alipoandikiwa kidonge, nilimwambia ni vitamini. Mama yangu mzazi nilimwambia ni dawa ya minyoo. Shule sikuiambia neno. Katika isimu, kuficha jambo gumu kwa neno laini huitwa tasfida, na kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu kwamba tasfida huzaliwa pale penye hofu au aibu. Mwalimu wa tasfida nikawa mateka wa tasfida. Uongo huo ulidumu muhula mzima, hadi siku mtoto aliponiuliza mezani, "Baba, kama ni vitamini, mbona dada hapewi?"

Sikuwa na jibu. Nilimweleza ukweli siku hiyo, kwa maneno ambayo mtoto angeweza kuyaelewa. Ndipo nikaenda shuleni, kwa kuwa kidonge cha asubuhi hudumu kwa takriban saa nne tu, na kile cha pili ilibidi kimezwe shuleni saa sita. Nilimkabidhi mwalimu wake wa darasa kile kijichupa kwa haraka, koridoni, kama mtu anayelipa hongo. Sikumweleza dawa ni ya nini, wala sikumwomba siri. Kwa hivyo, mwalimu yule aliposema alichosema mbele ya darasa, nusu ya kosa ilikuwa yangu. Nilimpa dawa bila ya kumpa maneno ya kuandamana nayo.

Jioni ya siku ile mtoto aliniuliza, "Baba, mimi ni mwendawazimu?" Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo katika ukumbi wowote wa mihadhara.

Nionavyo mimi, kila mmoja wetu ana wajibu wake.

Mzazi, iambie shule ukweli. Keti na mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, si koridoni bali ofisini. Andika jina la dawa, kipimo, saa ya kumezwa na nambari ya simu ya kupigiwa. Peleka dawa mwenyewe, ifungiwe kabatini. Wala usidhani kwamba ukishanunua kidonge umemaliza ulezi. Kidonge hakimfunzi mtoto kuomba radhi, kusubiri zamu yake au kupanga vitabu vyake. Kinampa tu utulivu wa kuweza kufunzwa. Kufunza kungali kazi yetu.

Mwalimu, najua mzigo ulionao. Sijasahau kwamba darasa la watu 58 si la watu 20, na kwamba hukusomea uuguzi. Lakini yapo mambo yasiyohitaji fedha. Mkalishe mtoto huyo karibu nawe, mbali na dirisha. Mpe kazi vipande vipande. Mtume alete chaki au akusanye madaftari, ili apate sababu halali ya kuinuka. Msifu anapotulia, hata kama ni kwa dakika kumi. Kuhusu dawa, litaje faraghani au usilitaje kamwe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, hulinda siri za kila mtu na za familia yake, na kifungu cha 53 huweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote yanapoamuliwa mambo yanayomhusu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, ikakataza mateso ya mwili na ya nafsi pia. Kumdhihaki mtoto kwa ajili ya dawa yake ni kiboko kisichoacha alama.

Serikali nayo ina la kufanya. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini mwaka 1984, na taasisi ya KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, imekuwako tangu mwaka 1986. Msingi upo. Lakini wazazi wengi hawajawahi kusikia habari za vituo hivyo, na walimu wengi hawajui kwamba mtoto "mkorofi" aweza kupelekwa huko. Itangazwe, na vituo vipewe wataalamu wa kutosha.

Nawe mwanafunzi unayesoma gazeti hili, pengine deski lako li karibu na la mtoto wa aina hii. Najua anaudhi. Huchukua kalamu yako bila ruhusa na hukatiza hadithi yako. Mwambie kwamba hupendi, hilo ni haki yako. Lakini usimwite kwa jina la dawa yake. Mwenye miwani hatumwiti "Kioo", na mwenye pumu hatumwiti "Pampu". Ukimcheka hadi akaacha kumeza dawa yake, wewe ndiwe utakayesumbuliwa zaidi siku ifuatayo.

Nimalizie nilipoanzia. Mwalimu wa mwanangu hakujitetea nilipomwendea. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mzazi, sikujua." Nami nikamwambia kwamba sikumwambia. Tukapanga upya. Tangu wiki hiyo, kila siku ifikapo saa sita, yeye humtuma mwanangu apeleke rejista ya darasa ofisini. Ofisini humo, katika kabati lenye kufuli, ndimo kijichupa kilimo, na karani humpa kidonge na kikombe cha maji. Mtoto hurudi darasani na rejista yake mkononi. Wenzake wanajua tu kwamba yeye ndiye anayeaminiwa kubeba rejista, na wawili wameshaomba zamu.

Jina la "Dawa" bado husikika uwanjani mara mojamoja. Wiki iliyopita alipoteza sweta nyingine, na jana aligombana na dada yake kwa sababu ya kifutio. Hatujafika. Lakini kidonge anakimeza, anajua ni cha nini, na hajaniuliza tena kama yeye ni mwendawazimu.